Mstari wa Salamu Mlangoni

Jumanne, 3 Septemba. Kibamba

Kuku wamekula, tenki limejaa, bado begi. Nimelipima mara ya tatu kwa mzani wa Mwanaidi, ule anaopimia mchele dukani kwake. Limezidi kilo moja. Nimetoa unga wa ulezi, nikaurudisha, nikatoa viatu. Viatu Ulaya vipo. Ulezi sina hakika.

Mwanaidi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye atakayebaki na funguo. Kaniambia niende kwa amani, kuku hawatajua kama nimeondoka. Maneno hayo sijayapenda.

Wiki sita kwa Tumaini. Mwanangu wa pekee, muuguzi, mwaka wa pili sasa yuko Uingereza kijijini kwao mumewe. Eliya, mjukuu wangu, ana miezi minane na nimemwona kwenye simu tu. Kila nikipiga namuuliza Tumaini kama ana majirani. Anasema wapo. Namuuliza kama anaenda kanisani. Anasema kanisa lipo. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Mtoto anayejibu hivyo ana jambo.

Ijumaa, 6 Septemba. Kijijini

Nimefika. Miguu imevimba. Eliya hakulia aliponiona, kanishika pua na kuing'ang'ania. Uchovu wote ukaisha.

Jina la kijiji nimelijaribu mara nne, mkwe wangu akacheka kwa adabu. Nitaandika "kijijini" tu. Barabara moja. Duka moja. Kanisa la mawe lenye mnara katikati, na kanisa jingine dogo liko peke yake kwenye malisho ya kondoo. Makanisa mawili ya kale, na watu wa kujaza moja hawapo.

Kimya. Nimesikia saa ya ukutani mpaka nikainuka kuitazama.

Kwetu Mpwapwa, nilikozaliwa, mama mkwe hakai meza moja na mkwe kirahisi. Hapa meza ni hiyo hiyo moja. Nimekaa pembeni kabisa. Baba Eliya naye kaelewa, kala huku akitazama sahani yake. Kijana ana adabu. Nimempenda.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekwenda kuliona kanisa. Mlango haukufungwa, ndani hakuna mtu. Hakuna mlinzi. Nimepiga hodi kanisani, mtu mzima mimi.

Sakafuni kuna makaburi. Watu wamezikwa chini ya njia ya katikati, majina yamefutika kwa kukanyagwa. Nimepita kando kando ya viti kama mwizi. Ukutani kuna ubao wa majina ya wachungaji tangu karne na karne, mmoja baada ya mwingine, na nafasi kidogo imebaki chini. Mito ya kupigia magoti imedariziwa na mabibi wa kijiji, kila mmoja ua lake. Kazi safi. Nimekaa nusu saa. Nimefurahi sana.

Jumapili, 8 Septemba

Mchungaji ana makanisa sita, anayazungukia kwa gari. Hapa ibada ni Jumapili ya pili na ya nne. Tumaini kasema hawezi kuja, ana zamu hospitali. Zamu ilianza saa nane mchana. Ibada ilikuwa saa nne asubuhi. Nimemfunga Eliya mgongoni nikaenda.

Watu kumi na nne, wote wazee. Mchungaji ni mwanamke, anaitwa Ann, sauti nzuri. Nilikuwa na karatasi yangu ya salamu kutoka Kibamba, nimeiandika kwa Kiingereza na kuisahihisha. Nikasubiri waseme wageni wasimame. Wakatangaza mambo ya paa. Nikasubiri. Wakaimba wimbo wa mwisho. Karatasi nimerudi nayo nyumbani.

Halafu nikafanya kituko. Kwetu ukishapeana mkono na Mchungaji mlangoni, unasimama kando yake. Anayefuata anamsalimia Mchungaji, anakusalimia na wewe, naye anasimama kando yako. Hivyo hivyo mpaka mstari unazunguka uwanja na kila mtu kamshika kila mtu mkono. Hakuna wa kukwepa, hata mliogombana wiki nzima. Miaka yangu yote nimetoka kanisani hivyo. Leo nimetoka wa kwanza kwa sababu Eliya alianza kelele, nikampa Mchungaji mkono, nikasimama kando yake.

Wakaja. Mmoja mmoja. Wananitazama, wanautazama mkono wangu, wanaushika. Kisha wanakwenda zao nyuma kunywa chai. Hakuna aliyesimama kando yangu. Mpaka mwisho tulikuwa wawili, Mchungaji na mimi, na mtoto mgongoni. Hapo ndipo nikaelewa kwamba hapa hakuna mstari.

Nimeona aibu mpaka masikioni. Mchungaji kaniuliza taratibu, nikamweleza. Hakucheka. Kasema, "Nimefurahi kuwa na mwenzangu mlangoni."

Jumatano, 11 Septemba

Baridi. Nimevaa sweta la Baba Eliya, nimeomba kupitia kwa Tumaini.

Watu wa hapa wakikutana nawe njiani wanataja hali ya hewa na kupita. Hawaulizi habari za nyumbani, hawaulizi umelalaje. Lakini leo watatu wamesimama. Mmoja ni Margaret, mzee wa kanisa, mwembamba, anatembea haraka kuliko mimi. Ndiye anayetunza funguo za kanisa dogo la malishoni. Kaniahidi Jumamosi.

Jumamosi, 14 Septemba

Kanisa dogo. Hakuna umeme. Ibada ni mara moja kwa mwaka. Kuta zina picha za kale zilizofifia, shetani na sufuria lake, watu wanachemshwa wakiwa uchi, hata mwenye taji yumo. Nimeipenda hiyo. Walimu tungekuwa na picha kama ile darasani tusingepiga kelele.

Kuna popo. Kinyesi chao kimejaa kwenye viti na Margaret anakifuta kwa kitambaa kila wiki. Sheria hairuhusu kuwafukuza. Nimeshika kitambaa, tumefuta pamoja. Hatukuongea sana. Ilikuwa asubuhi nzuri.

Nilimuuliza kama anamfahamu mwanangu. Kasema ndiyo, yule muuguzi. Basi.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepanga kutoka wa mwisho, nipite kimya kimya. Wimbo umeisha, Mchungaji kasimama mlangoni, akageuka, akanitafuta kwa macho. Kaninyooshea mkono niende. Nimekwenda. Nimesimama kando yake. Margaret kaja, kampa yeye mkono, kanipa mimi mkono, halafu akasimama kando yangu. Nyuma yake mzee mwenye mbwa. Naye kasimama, na mbwa.

Mvua ilikuwa inanyunya. Mstari umetoka mlangoni, umefika kwenye makaburi, umepinda. Mzee mmoja kasema amekaa kiti cha nyuma ya mwenzake miaka mingi na leo ndiyo ameshika mkono wake. Walicheka kama watoto wa shule wakati wa mapumziko. Chai ikapoa.

Nimerudi nyumbani nimeloa, nina furaha tele. Tumaini alikuwa amelala baada ya zamu. Nitamsimulia kesho.

Jumatatu, 23 Septemba

Hakunisubiri nimsimulie. Kasikia dukani. Karudi na maziwa, kayaweka mezani kwa nguvu.

"Mama, unasimama mlangoni kama askofu?"

Nikadhani anatania. Nikaanza kueleza. Hakuwa anatania.

Kasema alipohamia hapa alikwenda kanisani Jumapili tatu. Alikuwa na salamu zake, kazipanga kichwani. Alisubiri waseme wageni wasimame. Hawakusema. Baada ya ibada akabaki kwenye kiti chake, akisubiri mtu aje. Watu wakanywa chai yao, wakaosha vikombe, wakazima taa. Mara tatu. Mara ya nne akakaa nyumbani, na hakuna aliyekuja kuuliza yuko wapi.

"Leo wanajipanga kwenye mvua kukusalimia wewe. Wewe mgeni, unaondoka. Mie ndo nakaa huku, mama. Mie nilikuwa wapi?"

Nimeosha chupa za Eliya ambazo zilikuwa safi.

Jumanne, 24 Septemba

Tunasemeshana mambo ya mtoto tu. Nimepika uji wa ulezi. Tumaini kanywa vikombe viwili bila kunitazama.

Nina hasira na kijiji kizima. Nina hasira na mimi. Nilikuwa nafurahia sifa.

Jumatano, 25 Septemba

Sijalala vizuri. Nilikuja na nia nyingine moyoni, niseme ukweli. Nilitaka Eliya abatizwe nikiwepo. Nimeiacha. Mtoto habatizwi kwenye kanisa ambalo mama yake hana mtu wa kukaa naye kiti kimoja. Mimi tarehe kumi na sita naondoka. Nani atamsalimia mwanangu? Hilo tu ndilo swali. Mengine yote ni mapambo.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Margaret bila miadi. Nimebisha, kafungua, kashtuka, kaniingiza. Nimemwambia yote, kwa Kiingereza changu cha ubaoni, sikuzunguka. Kwamba mwanangu alikaa kwenye kiti chao Jumapili tatu na hakuna aliyempa mkono.

Kaweka birika mekoni. Kisha kasema anamkumbuka. Gauni la bluu, kiti cha nguzo ya pili. Wote walimwona. Kasema walidhani anataka utulivu wake. Mtu akibaki peke yake kwenye kiti, hapa wanaona anasali, au ana huzuni, na kumsogelea ni kumkosea adabu. Walikuwa wanamheshimu.

Nimerudi nikiwaza njia nzima. Yeye anasubiri waje, wao wanasubiri ainuke. Adabu pande zote mbili, na mwanangu katikati anaganda. Ningekuwa nimesimuliwa habari hiyo ya mtu mwingine ningecheka.

Jumamosi, 28 Septemba

Margaret kaja. Keki mkononi, kofia mkononi pia. Kabisha akarudi nyuma hatua tatu kama mwenye deni. Kamwomba Tumaini msamaha pale pale kizingitini, kwa sentensi fupi. Tumaini kasema hakuna shida. Kamkaribisha, kamwekea chai, kamjibu kila swali. Tabasamu lile la wodini, la kumwambia mgonjwa kila kitu kiko sawa. Namjua.

Alipoondoka Tumaini kaniuliza ni mimi niliyemtuma. Nikasema sikumtuma, nilimwambia tu. Kasema huku watu hawaendagi kwa watu kuwagombeza. Nikasema sikugombeza. Kanitazama. Basi nikakubali kwamba niligombeza kidogo.

Kacheka. Kidogo, lakini kacheka. Tumekula keki. Kavu.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo hakuna ibada. Jua limetoka. Tumaini kasema tutembee, akaongoza yeye, kumbe tunakwenda malishoni. Ufunguo unafichwa chini ya chungu cha maua nje, kauchukua bila kutafuta. Mimi Margaret alinionyesha siku ile nikadhani ni siri kubwa.

Ndani kakaa kiti cha mbele. Kaniambia akiwa na mimba ya Eliya alikuwa anakuja hapa karibu kila siku ya mapumziko. Anakaa na popo. Anaimba nyimbo za kwaya yetu ya Kibamba, sauti ya pili, peke yake.

Nikamuuliza kwa nini hapa. Kasema hapa hakuna wa kukusalimia, kwa hiyo hakuna wa kukunyima salamu.

Nimelia. Yeye hakulia. Kanipa kitambaa cha Eliya. Baadaye kaanza wimbo, nikachukua sauti ya kwanza, imetushinda pale juu, tukashusha tukaendelea. Kondoo wamekuja mlangoni kuchungulia. Siku nzuri kuliko zote tangu nije.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kesho ibada yangu ya mwisho. Kuna jambo linanisumbua. Mstari ule unaanza na mimi. Mchungaji ananitafuta kwa macho, wengine wanafuata. Nikiondoka nani ataanza? Wazee wale watarudi kwenye chai yao, na watarudi kwa nia njema kabisa. Nimempikia mwanangu chakula kwenye sufuria ambayo ninaondoka nayo.

Sijamwomba Tumaini aje. Nimeng'ata ulimi mara tano leo.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanipeleka kwa gari. Kasema atasubiri garini kwa sababu Eliya amelala. Eliya alikuwa macho, anatafuna mkanda.

Ibada nzima nilikuwa na sikio mlangoni. Hakuingia. Mwishoni mstari umekuwa mrefu, hata wa kijiji cha pili walikuja. Kutoka pale niliposimama niliona gari, na Tumaini ndani anatutazama kupitia kioo. Nilitaka kwenda kumtoa. Sikwenda. Mtu mzima hatolewi kwenye gari na mama yake mbele za watu. Margaret kainua mkono kumpungia. Tumaini naye kainua wake, nyuma ya kioo.

Wakaniimbia wimbo wa kuniaga. Nimewashukuru. Nimewasomea ile karatasi ya salamu, hatimaye, nje, kwenye upepo. Nimewaambia Kibamba wanawasalimu. Kibamba hawajui hata habari zao, lakini wangejua wangewasalimu.

Njiani kurudi Tumaini kaendesha polepole kuliko siku zote.

Jumatano, 16 Oktoba. Uwanja wa ndege

Naandika nikisubiri kuitwa. Mikono inanukia Eliya.

Baba Eliya kaniinamia kunipa mkono, kwa mikono miwili, sijui nani kamfundisha. Tumaini kanifunga sweta vifungo vyote kana kwamba mimi ndiye mtoto. Tukakumbatiana. Nimekwenda hatua kadhaa, akaniita.

"Mama. Ukisimama pale kwa Mchungaji, mkono unatoa wewe kwanza, au unasubiri?"

Nimejibu kana kwamba ni swali la kawaida. "Unasubiri kidogo. Wasipotoa, toa wewe."

Kasema haya. Nikaondoka haraka kabla sijaharibu.

Jumamosi, 19 Oktoba. Kibamba

Kuku wanane badala ya tisa. Mwanaidi kasema mmoja kaugua ghafla siku ya wageni wake. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Nimempa keki nyingine, aliyonifungia Margaret ya safari, kasema kavu.

Joto. Kelele. Jirani wa nyuma anajenga, nyundo tangu asubuhi. Nimelala mchana wote katikati ya makelele kama mtoto aliyeogeshwa.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo ni Jumapili ya nne. Nimeshinda nalo hilo kifuani tangu nilipoamka. Huko wamerudisha saa nyuma, kwa hiyo saa nne yao ni saa saba yetu.

Hapa ibada ilikuwa ndefu. Wageni walisimama, watano, mmoja katoka Kigoma. Tulipotoka mstari umezunguka uwanja wote mpaka kwenye matofali ya ukumbi. Nimeshika mikono ya watu wote, nimerudi nyumbani kiganja kinauma. Nimepika wali, nimekula, nimefua kitenge. Saa nane. Simu kimya. Nikajiambia ana zamu. Nikajiambia hata asipoenda, ni mwanangu vile vile, na kule malishoni ana kiti chake.

Saa tisa kasoro kaandika.

Kasema alikwenda, na Eliya. Alikaa nguzo ya pili. Wimbo wa mwisho ulipoisha akainuka, akatoka wa kwanza, akampa Mchungaji mkono, akasimama kando yake. Akasubiri kidogo. Wa kwanza kumjia hakutoa mkono, alibaki anamtazama mtoto. Basi akatoa yeye.

Nikamuuliza wakasimama? Kasema walisimama, mama, hadi makaburini.

Halafu kaniandikia majina yao. Miaka miwili karibu pale na hakuwahi kunitajia jina hata moja. Nayanakili hapa nisije nikapoteza simu.

Margaret. Ken na mbwa wake. Dorothy, amewahi kuwa muuguzi. Ron, mume wa Dorothy, hasikii vizuri. Sheila wa duka. Pam. Alan. Geoffrey, analima maboga, kamwahidi moja. Mary mkubwa na Mary mdogo. Mwishoni kabisa mama mmoja aliyehamia mwezi huu, alikuwa amebaki ndani kwenye kiti, Tumaini akarudi kumfuata. Sauti yake ndogo, jina hakulishika.

Atamuuliza ibada ijayo, tarehe kumi.